Digrii Hamsini na Tisa

Mtu akiniambia gari la dizeli ni kelele na moshi tu, tunakosana hapo hapo. Mimi ni Waithera, Mama Eve kwa wanaonijua, na nimefungua injini za dizeli hapa Njiru, kando ya Barabara ya Kangundo, kwa miaka ishirini na miwili. Wanaume ninaofanya nao kazi katika uwanja huu wa mafundi waliacha kunicheka mwaka wa tatu, nilipotengeneza lori lililowashinda wote. Tangu siku hiyo, mwenye dizeli akija huku anaelekezwa kwangu moja kwa moja, na mimi huringa. Kwa nini nisiringe?

Sasa, kulikuwa na gari la Khavere. Huyu ni mwalimu wa nasari, sisi tunamwita Mama Griffins. Lilikuwa stesheni wagoni la dizeli, si kubwa si dogo, rangi ya kijivu. Sitaji kampuni, msije mkapandisha bei. Siku ya kwanza alipolileta nililala chini yake karibu saa nzima, na halikuwa na shida yoyote. Nilikuwa naangalia tu. Jamani, kuna watu walikaa chini wakafikiria! Injini ya lita mbili, haina plagi za kupiga cheche. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inapata joto la kuwasha dizeli. Paipu za dizeli ni nyembamba kama penseli, lakini presha iliyo ndani, ikikupata kidole, utakiaga. Na ukisimama nje unasikia mngurumo wa chini tu, wa mtu aliyeshiba. Khavere alikuwa anatoka hapa hadi kwao Mbale, Vihiga, na kurudi, kwa tangi moja, na mshale bado haujagusa nyekundu.

Huko nyuma ndiko walikonimaliza kabisa. Sakafu ya buti iko sawa na bampa, hakuna ukingo wa kukuvunja mgongo ukiinua mzigo. Viti vinalala chini vikawa meza. Ukiweka kitu kizito, springi za nyuma zinajijaza hewa zenyewe na gari linabaki limenyooka, haliketi matako kama mengine. Khavere alilinunua kwa sababu ya sakafu hiyo. Mumewe, Javan, aliumia mgongo kiwandani na hatembei, na kiti chake cha magurudumu ni kile kizito kisichokunjika. Katika gari hili kilikuwa kinalazwa na kusukumwa ndani kizima, Javan mwenyewe anakaa mbele, safari. Mara nne kwa wiki alikuwa anapelekwa ukumbini Kaloleni kufunza vijana ndondi. Nilimwona kazini mara moja. Anawakemea kutoka kitini mpaka unawahurumia.

Mwezi wa kwanza mwaka huu paipu ya maji ilianza kuvuja. Nikaibadilisha, na nikiwa hapo hapo nikatoa thamostati. Hiki ni kidude kidogo, kimekaa njiani kati ya injini na rejeta inayopoza maji. Maji yakiwa baridi kinafunga, yakipata moto kinafungua. Aliyenifunza kazi, marehemu Andati, alikuwa fundi wa malori. "Hicho ni cha nchi za theluji," alikuwa anatuambia. "Hapa kazi yake ni kukwama na kuchemsha injini. Ukikiona, toa." Basi nimetoa. Kila gari lililopita mikononi mwangu nimelitoa hicho kitu, na wenyewe sikuwauliza, sawa na vile daktari hakuulizi rangi ya uzi.

Wiki iliyofuata Khavere alipita. "Mama Eve, mbona mshale wa joto siku hizi hauinuki?"

"Hiyo ni baraka," nikamjibu. "Injini yako imepoa kama mtungi. Endesha, mama, wacha maswali."

Mwezi wa tatu taa ikawaka kwenye dashibodi. Halafu gari likaanza kujifunga. Ukikanyaga mafuta halipiti sitini, na kwenye kilima matatu zinakupigia honi. Nikabadilisha filta ya dizeli, nikasafisha vidude vya hewa, taa ikarudi. Mwishowe nikasema shida ni chujio la masizi, lile lililo kwenye bomba la moshi. Linashika masizi yote yasitoke nje, na kila baada ya siku kadhaa gari linatakiwa liyachome lenyewe. Hili lilikuwa limejaa mpaka kooni. Nikamwambia Khavere nilikate, nitoboe njia, moshi upite.

Akakataa katakata. "Niliishi Dandora miaka kumi na tisa nikivuta moshi wa jalala. Nilichagua gari lisilotoa moshi. Siwezi kuwapulizia watoto wa wenyewe."

"Basi ununue chujio jipya." Nikamtajia bei, akakaa chini kwenye tairi.

Gari nikaliegesha uwanjani lisije likaungua, na wiki nne Javan alikaa ndani. Teksi zilikataa kile kiti. Vijana wake wakaanza kuja kwake Njiru mmoja mmoja, halafu wakapunguka. Khavere akaniambia wameamua: wauze gari, wapate angalau kitu kidogo. Matheka atalichukua. Matheka ananunua magari na kuyakata, anauza vipande, na mimi ndiye niliyempigia simu. Niseme ukweli, niliona afadhali liondoke. Kila nikiliangalia nilikuwa nahisi linaniumbua.

Matheka alikuja Jumamosi asubuhi na skana yake, mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ajue ni vipande gani vizima. Khavere alikuwepo. Javan naye alikuwa amekaa kiti cha mbele. Vijana wawili walimbeba kumleta, kwa sababu alitaka kuliaga, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Matheka akashika usukani, mimi nikakaa nyuma na Khavere, skana mapajani mwangu, tukaenda kusikiliza giaboksi hadi Ruai na kurudi, mdogo mdogo.

Nikaanza kusoma. Presha ya dizeli, safi. Turbo, safi. Masizi, juu sana, lakini hayajapita mpaka. Chini yake kulikuwa na hesabu mbili, zilizoanza upya nilipochomoa betri mwezi wa kwanza. Mara ambazo gari limeomba kuchoma masizi: mia mbili na kumi na nne. Mara ambazo limefaulu: sifuri.

Ebo! Mia mbili na kumi na nne? Nikashuka mstari mmoja. Joto la maji: hamsini na tisa.

Tulikuwa tumeendesha nusu saa. Injini hiyo inatakiwa ifike tisini. Kompyuta haiwezi kuanza kuchoma masizi injini ikiwa baridi, hilo nalijua, nimeshawahi kulisoma, na sikuwahi hata siku moja kuliunganisha na mkono wangu. Maji yalikuwa yanakimbilia rejeta tangu Januari bila wa kuyazuia. Kila siku gari lilikuwa linajaribu kujisafisha, linakuta ni baridi, linaacha, kesho linajaribu tena. Nilihisi aibu mpaka masikioni. Nimewahi kufanya kazi na watu wasio na bidii ya lile gari.

Na hakuna aliyejua. Matheka alikuwa anasikiliza gia. Khavere hajui kusoma skana. Ningeizima tu ile skrini, gari likatwe, na jina langu libaki vile lilivyokuwa. Tulipoingia uwanjani mafundi wote walikuwa wamesimama, wanataka kuona Matheka atatoa ngapi. Khavere akafungua mkoba, akatoa kitabu cha umiliki wa gari amkabidhi Matheka. Nikamwangalia Javan. Alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi, amekituliza hapo.

"Mama Griffins, rudisha hicho kitabu," nikasema.

"Kwani?"

"Gari halina kosa. Kosa ni langu."

Nilisema yote, kwa sauti, kwa sababu ningeanza kunong'ona ningeacha mengine. Nilisema nilitoa thamostati ikiwa nzima. Nilisema Khavere aliniuliza kuhusu mshale nikamwambia ni baraka. Mmoja wa mafundi akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Si niliwaambia?" na wenzake wakacheka, kile kicheko cha miaka yangu miwili ya kwanza. Kiliniuma, sitadanganya.

Khavere hakucheka. "Wiki nne, Mama Eve," akasema. "Mume wangu amekaa anaangalia ukuta wiki nne."

"Najua."

"Hujui."

Kweli sikujua. Javan ndiye aliyeuliza kama linaweza kupona. Nikamwambia naomba muda wa saa tatu. Matheka alisonya, lakini thamostati yenyewe ilitoka kwenye kontena lake, ya gari la aina hiyo hiyo alilolikata mwaka jana. Nikaichemsha kwenye sufuria ya mama wa chai kuhakikisha inafungua, nikaifunga, nikajaza maji yenye dawa yake, nikatoa hewa. Nilikuwa nadondosha spana kama mgeni wa kazi.

Khavere aliendesha mwenyewe, Javan kando yake, mimi nyuma na skana ya Matheka. Tulielekea Kamulu, macho yangu kwenye joto la maji. Sitini na tano. Sabini na nne. Themanini na tatu. Themanini na tisa, na hapo namba ikasimama, haikusonga juu wala chini. Mtu wa mbali huko aliyebuni injini hii alikata shauri kwamba maji haya yatakaa hapa, na yakakaa. Halafu mngurumo ukabadilika kidogo, ukawa mzito, na kwenye skana joto la chujio likapanda mpaka mia sita. Lilikuwa linachoma.

"Usisimame," nikamwambia Khavere. "Tafadhali usisimame. Kaa sitini." Tulienda hivyo karibu nusu saa. Masizi yalikuwa yanashuka, asilimia moja moja. Nje, bomba la moshi halikuonyesha chochote. Hesabu ya pili ikaacha kuwa sifuri, ikawa moja, taa ya dashibodi ikazimika, na nikapiga yowe ambalo Javan bado ananitania nalo. Khavere akakanyaga mafuta. Sitini, themanini, mia. Kilima cha kurudi tulikipanda kama hakipo. Javan alikuwa anacheka na kufuta macho kwa mkono ule aliokuwa ameuweka kwenye dashibodi.

Uwanjani niliposhuka, Khavere naye alishuka.

"Ungenyamaza, ningejua?"

"Hungejua."

"Na sasa hivi lingekuwa linakatwa."

"Ndiyo."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki kwa kusema. Nakuambia kutoka moyoni." Hakuniachia. "Lakini gari hili hutaligusa tena, Mama Eve. Mkikutana njiani lisalimie. Boneti hutafungua."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikasema, "Sawa, mama. Ni haki yako." Nikamwelekeza kwa Obonyo wa Kayole, kijana mwenye mdomo lakini anayesoma kabla hajashika spana, na nikamwambia ni oili gani wakubali na ni gani wakatae.

Waliondoka kuchukua kiti nyumbani na kuelekea Kaloleni, kwa sababu Javan alisema mazoezi ya jioni bado hayajaanza. Mimi nikaketi kwenye boksi langu la spana, mbele ya wale wanaume, nikatoa simu na kuanza kuwapigia wenye magari niliyoyatoa thamostati, mmoja baada ya mwingine, tangu wa mwaka huu kurudi nyuma.