Neno Nililompa Mama Lavelle

Nikikutana na watu dukani hawaniulizi mimi nina hali gani. Wanauliza, "Kocha hajambo?" Kocha hajambo, anakula na kulala, asanteni. Nimekuwa mke wa Emmett Brandvold miaka thelathini na mmoja, na anayedhani kazi yangu ni kukaa jukwaani na kupiga makofi, pole yake. Nimefungasha nyumba tisa. Mume wangu ameshinda mechi mia mbili na kumi na nne za mpira huu wetu wa vyuo, wa kukimbia na kugongana vifua, na kila gazeti linaijua hesabu hiyo. Ninalosimulia mimi halijaandikwa popote.

Wakati huo tulikuwa Dakota Kaskazini, chuo kidogo, Januari, theluji imefika madirishani. Emmett alikuwa anamtaka kijana mmoja wa Mississippi, Lavelle Pruitt, mkimbiaji ambaye hata ukimfunga macho bado angeliona pengo la kupita. Kijana akaja kututembelea na mama yake, Odessa. Walikaa ndani ya basi siku nzima na usiku mzima, mama amevaa koti jepesi la kanisani. Jumapili asubuhi, kama ilivyo desturi, wakaja kwetu kufungua kinywa.

Emmett akaanza kumwaga sera. Shahada, chakula, daktari, kanisa lipo karibu. Odessa akamsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akanifuata jikoni na kuchukua kitambaa cha kufutia vyombo.

"Wanaume hawa wanajua kuuza," akasema. "Makocha sita wameshakaa kwenye kochi langu, wote watamu kama asali. Sasa nakuuliza wewe, mama mwenzangu. Nikimwacha mwanangu kwenye barafu hii, mtakuwepo mpaka amalize?"

"Miaka yote minne," nikasema. "Nakuahidi."

Wallahi sikudanganya. Mapazia yenyewe nilikuwa nimeyatundika juzi tu. Februari kijana akatia saini kujiunga nasi.

Msimu ule tukashinda mechi zote kumi na moja, na Lavelle, wa mwaka wa kwanza, akawakimbiza watu mpaka wakaomba maji. Desemba, chuo kikuu kimoja cha kusini, chenye uwanja wa watu elfu themanini, kikatuma ndege yake imchukue Emmett.

"Lorna," Emmett aliniambia mlangoni, hata viatu hajavua, "wamenitaka."

Huyu ni mtoto wa mfuga ng'ombe. Alianzia shule ya sekondari ambako jezi za timu alizifua mwenyewe, kwenye beseni letu. Nilimrukia shingoni nikapiga kelele. Nilifurahi, sifichi. Nilikuwa nachagua gauni la kuvaa mbele ya waandishi ndipo Odessa aliponijia akilini.

"Emmett, na Lavelle je?"

"Atakuwa sawa. Ndiyo mpira, mama. Kila mtu anajua."

"Anaweza kutufuata?"

"Akihama anakaa nje msimu mzima bila kucheza. Sheria ndiyo hiyo."

"Na wewe ukihama?"

Akakohoa. "Mimi naanza Jumatatu."

"Mama yake nilimpa neno langu. Siyo lako, langu!"

Akakaa kitandani, akanitazama sana. "Basi sema nikatae. Sema tu, Lorna, nampigia mkuu wa chuo kile sasa hivi."

Na angekataa kweli, namjua. Shida ndiyo hiyo. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, moja tu, nami nikalimeza. Niliutaka ule uwanja. Niliitaka nyumba isiyo na theluji. Nikamwambia, "Tutakwenda. Ila Odessa nitampigia mimi."

Kesho yake asubuhi Emmett akawaambia vijana kwamba anaondoka, na ni kocha gani anachukua nafasi yake. Dakika kumi, wakampa mikono, wengine hawakumwangalia usoni. Saa nane mchana nikanyanyua simu. Odessa alikuwa mpishi wa shule, nilijua saa ile ameshafika nyumbani.

"Mama Lavelle, ni mimi, Lorna."

"Lavelle ameshapiga. Analia."

"Nilikupa neno langu. Sina la kujitetea."

Nikangoja anitukane. Nilikuwa nayatamani hayo matusi, Mungu anajua, angalau nami nitoke na kidonda. Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Huyo kocha anayekuja," akasema, "ana mke?"

"Anaye. Tulikutana naye mara moja."

"Nitafutie namba yake. Kuna kitu nataka kumuuliza."

Nikaitafuta kwenye daftari. Nikamsomea tarakimu moja moja, naye akawa anazirudia taratibu huku anaandika.