Milamula Hutembea Jumamosi

Wananchi wote wa Wilaya ya Muleba, na walimwengu kwa jumla, wanatangaziwa kwamba mtu akiandika blogu kila wiki bila kukosa hupata faida kuu mbili: ya nafsi na ya kazi.

Ndivyo Gozbert alivyoanza blogu yake. Walimwengu walioisoma walikuwa saba, na mmoja wao alikuwa Gozbert mwenyewe kwa simu ya kuazima.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni, anasubiri matokeo kwa Bibi Klaudia, karibu na Kamachumu. Kila Jumamosi saa tano asubuhi alikaa barazani na simu, na Bibi alikaa mkekani akimenya ndizi. Mbele yao kibanja kilishuka taratibu: migomba, mibuni, kaburi la babu lenye msalaba wa saruji, kisha mstari wa milamula, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani ili majirani wasigombane. Ng'ambo ya milamula kilianza kibanja cha jirani yao mzee, Ta Rugambwa.

Jumamosi ya nne Gozbert alikosa la kuandika. Mwishowe akaandika kwamba mlamula mmoja wa kwa bibi yake umetembea hatua moja kuingia kwao. Akatia na picha: shimo bichi, na mlamula umesimama pembeni kama mgeni asiyekaribishwa. Kufikia jioni wasomaji walikuwa mia nne.

Jumamosi iliyofuata, alipobonyeza tu kuchapisha, milamula yote ikang'oka. Ikainua mizizi kama watu waliokunja suruali kuvuka tope, ikapiga hatua moja kupanda mlima, ikatulia.

"Bibi, umeona?"

"Nina macho. Nipe hilo beseni."

Gozbert alicheka. Kisha akatambua kwamba anacheka peke yake, na kwamba meno yake yanagongana.

Faida zilikuja kama zilivyotangazwa. Kigugumizi kilichomsumbua tangu darasa la pili kilimwacha. Redio moja ya Bukoba ikamwita mjini, na mtayarishaji wa vipindi, dada aitwaye Maimuna, akamwahidi nafasi ya kujifunza kazi.

"Mdogo wangu, wenye vipaji ninao tele, wanaandika wakijisikia," alimwambia. "Mimi namtaka wa kila wiki. Usiniangushe."

Hakumwangusha, isipokuwa mara moja. Jumamosi hiyo alizima simu, akaifukia kwenye debe la maharage, akaenda kanisani kuungama dhambi nyingine. Aliporudi, milamula ilikuwa imepiga hatua tano badala ya moja, na majani yake yote yameelekea kwenye kiti chake. Tangu hapo hakukosa wiki. Vidole vilimgomea hadi akawa anabonyeza kwa ncha ya pua. Kati ya milamula na kaburi la babu zilibaki hatua sita.

Bibi alipeleka shauri kwenye baraza la ardhi. Ta Rugambwa alifika amevaa koti lake la harusi, amebeba blogu nzima imechapwa kwenye karatasi, na picha zake.

"Waheshimiwa, someni wenyewe," alisema. "Sijaandika mimi. Kaandika mjukuu wake, msomi wa bweni. Imetembea."

Wajumbe hawakutaka kuamua kwa maneno matupu. Walikuja Jumamosi saa tano, wakasimama mpakani. Gozbert alibonyeza kwa pua. Milamula ikapiga hatua, na mjumbe mmoja akasogeza kiatu. Wakaandika kwamba mpaka ni pale ulipo mlamula, na kwamba hakuna kifungu kinachouzuia kutembea. Bibi akawapa chai.

Baada ya wiki chache milamula ilifika kaburini. Ilipita kwa heshima, huku na huku ya msalaba, bila kukanyaga saruji. Siku hizi Bibi akitaka kung'oa majani pale husimama kwanza mpakani.

"Hodi, Ta Rugambwa! Waitu, naomba kumsafishia mume wangu."

"Karibu, Ma Klaudia. Ila angalia usikanyage mibuni yangu."

Mibuni hiyo aliipanda Bibi mwaka aliojifungua mtoto wake wa kwanza.

Gozbert aliyaandika haya yote kwa utulivu, na hadithi ilipaswa kuishia hapa. Lakini Bibi, aliyefundishwa kusoma na masista wa Kashozi, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anafuata mistari kwa kidole chenye utomvu wa ndizi.

"Huyu Gozbert unayemwandika kama mtoto wa watu ni nani?"

"Ni mimi, Bibi."

"Na hii picha ya kwanza." Kidole kilitua juu ya shimo. "Mashimo mengine yote nimeyachungulia, yana nyuzi za mizizi tu. Hili lina alama ya jembe."

Ni kweli. Mlamula wa kwanza haukutembea. Nilikuwa nimekaa hapa hapa barazani. Ta Rugambwa aliuchimba, akaubeba begani, akaupanda kwetu, akaushindilia kwa kisigino. Alipoinua kichwa akaniona, akanipungia mkono. Nami nikampungia. Nikaandika kwamba umetembea kwa sababu mzee mwenye jembe hasomwi na mtu.

Bibi hakunipiga. Nilikuwa nimejikunja tayari, na hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha kuliko milamula.

"Leo ni Jumamosi," alisema. "Andika na hilo."

Nimeliandika, nimelichapisha. Wasomaji wamefika elfu mbili, Maimuna ametuma pongezi, na Ta Rugambwa ameweka alama ya kupenda. Milamula imepiga hatua moja kuelekea jikoni. Bibi amesogeza mkeka, anaendelea kumenya.