Kichupa Kutoka Pangani

Mwalimu Efrazia alifundisha kemia kwa miaka ishirini na sita, na alipostaafu alibaki Issenye, katika nyumba yake ya matofali karibu na sekondari. Wenzake wa rika lake walinunua ng'ombe. Yeye alikusanya vyombo vya maua. Si vile vikubwa vya kuwekwa altareni, bali vidogo, vyenye shingo nyembamba ya kupitisha ua moja tu. Watu waliviita vichupa vya mwalimu, na wengine walidhani ni vifaa vya maabara alivyoondoka navyo shuleni.

Cha kwanza aliachiwa na mtawa mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao, pamoja na kitabu kinene cha picha kinachoeleza namna ya kutambua vyombo vya kioo vya zamani. Kitabu kile alikisoma mpaka jalada likang'oka.

Vingine vilivyofuata karibu vyote alivipata kwa Mwanamvua. Huyu alikuwa na meza ya vyombo vya mtumba katika soko la Mugumu: sahani, birika, vikombe visivyo na wenzake. Kila alipofungua mzigo kutoka mpakani Sirari na kukuta kichupa, alikiweka pembeni na kumpigia mwalimu simu. Jumamosi Efrazia alipanda bodaboda, akafika, wakakaa nyuma ya meza na kunywa chai ya tangawizi. Kisha alikigeuza kichupa chini juu na kumweleza mwenzake alichokuwa akikiona.

Alimwonyesha mshono unaopanda ubavuni, alama ya kwamba kioo kilimiminwa kwenye kalibu ya kiwandani. Alimwonyesha mikwaruzo ya kitako: ya kweli huenda kila upande kwa sababu chombo kimesogezwa mezani miaka mingi, ya uongo hulala upande mmoja kwa sababu mtu amesugua kwa msasa. Na zaidi ya vyote alimweleza kuhusu kovu. Chombo kilichopulizwa kwa pumzi ya mtu hubaki na kovu katikati ya kitako, pale kilipobanduliwa kutoka kwenye fimbo ya chuma iliyokishika kikiwa bado cha moto. Kama kichupa kilikuwa cha thamani alisema ni cha thamani, na aliongeza bei mwenyewe bila kuombwa. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka kumi na moja. Katika vichupa thelathini na nane alivyokuwa navyo, hakuna hata kimoja kilichokuwa na kovu.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, mume wa Mwanamvua aliugua figo. Abdillah alikuwa seremala, mtu mpole. Alilazwa Mwanza, na Mwanamvua akawa mtu wa safari, meza akimwachia binti yake Saida. Jumamosi moja alirudi kwa siku mbili tu, akampigia mwalimu simu aje.

Safari hii kichupa hakikutoka kwenye mzigo. Alikitoa ndani ya kanga iliyokunjwa mara nne. Kilikuwa cha kijani kilichofifia, kimeegemea upande kidogo, kirefu kama kiganja. Alisema ni cha marehemu mama yake, aliyetoka nacho Pangani alipoolewa, naye alikuwa amekipata kwa mama yake. Sasa anakiuza. Alisema hayo akiwa anatazama mikono ya mwalimu.

Efrazia alikigeuza. Kovu lilikuwepo. Lilikuwa kali kidogo kwenye kidole, na ndani ya kioo kulikuwa na mapovu madogo kama ya soda. Mikwaruzo ya kitako ilikwenda kila upande. Kwa makisio yake kilikuwa kimepita miaka mia moja na hamsini.

Baadaye, alipojiuliza ilikuwaje, alikumbuka kwamba hakuwaza bei. Alikuwa na akiba, angeweza kulipa. Aliogopa kwamba akisema ukweli, Mwanamvua angekirudisha kwenye kanga, au angekipeleka kwa wenye hoteli za watalii, naye asingekiona tena.

"Ni cha kiwandani," alisema. "Kimetengenezwa kufanana na vya zamani tu."

Mwanamvua aliuliza, "Una hakika, mwalimu?"

"Nina hakika."

Alimlipa kama alivyozoea kulipa vya kawaida, akaongeza kidogo, akasema ni kwa ajili ya mgonjwa. Mwanamvua alishukuru. Ile kanga aliikunja upya ikiwa tupu.

Abdillah alifariki baada ya wiki tatu. Efrazia alikwenda msibani, akakaa mkekani na wanawake wengine, akaosha vyombo na kuchota maji. Mara mbili alitaka kumwita Mwanamvua faragha, mara mbili akaona si mahali pake. Hakuna aliyemwambia kwamba pesa ingemponya marehemu. Madaktari walikuwa wamesema mapema kwamba hali imeshaharibika. Lakini alipomsikia Saida akimsimulia mtu kwamba baba alitamani kurudi kufia nyumbani na hela ya kukodi gari la kumleta haikupatikana, aliinuka na kwenda kusimama nyuma ya nyumba.

Kichupa alikuwa amekiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vingine. Hakuwahi kukitilia ua. Wageni waliposifu kabati, aliwaonyesha vya juu na vya chini. Baada ya muda alikihamishia chumbani, akakifunika na kitambaa. Soko la Mugumu aliacha kwenda. Simu ya Mwanamvua nayo haikuita, na alijiambia ni kwa sababu ya eda.

Eda ilipokwisha, alisubiri wiki moja zaidi, kisha akakifunga kichupa ndani ya taulo na kupanda bodaboda. Mwanamvua alikuwa nyumbani, anachambua mchele. Saida alimwamkia, akaleta kiti, akaingia ndani. Efrazia alikiweka kichupa kwenye meza ndogo na kusema yote bila kuzunguka: kovu, mapovu, miaka, na kwamba alijua tangu alipokigusa. Amekuja kukirudisha, na pesa asirudishiwe.

Mwanamvua hakuacha kuchambua.

"Nilijua kina kovu," alisema. "Si wewe uliyenifundisha?"

Efrazia alilichukua taulo, akalikunja.

"Nilitaka kiende kwako, maana wewe usingekiuza. Hata ungesema huna hela ningekupa. Nilikuwa nangoja uniambie tu, kama unavyoniambia siku zote." Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. "Nilikuuliza mara ya pili, mwalimu. Nilidhani labda hukuona vizuri."

"Niliona," alisema Efrazia.

"Ndiyo. Niliona kwamba umeona."

Efrazia aliomba radhi. Mwanamvua alisema amesamehe, kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Kichupa alikataa kukipokea. Alisema kiliuzwa na kikalipiwa, na mama yake hakuwahi kumfundisha kudai alichokwisha kuuza. Akamwita Saida amsindikize mwalimu barabarani.

Mwaka huu Saida aliolewa, na kadi ya mwaliko ikafika Issenye. Efrazia alifurahi kupita kiasi. Alishona gauni, akapeleka seti ya sufuria. Mwanamvua alimpokea vizuri, akamtafutia kivuli, akampelekea pilau yeye mwenyewe. Wakwe walikuwa wamekaa karibu, na mmoja akauliza mgeni huyu ni nani katika familia.

"Huyu ni Mwalimu Efrazia wa Issenye," Mwanamvua alisema. "Alikuwa mteja wangu."

Efrazia aliwapa wakwe mkono, akawauliza habari za safari. Wakasogea wampishe, naye akakaa pembeni yao na sahani yake mapajani.