Mtaalamu wa Stesheni

Stesheni ile ilikuwa imefungwa miaka ishirini, na sasa kamati ilitaka kuifanya makumbusho. Walihitaji mtu wa kutembeza wageni. Mimi, mwalimu niliyepunguzwa kazini, nikajiona nimezaliwa kwa ajili hiyo. Mwaka wa tatu huo mimi na mke wangu tulikuwa tunakaa kwa mama yake, na nilikuwa nimechoka kula cha mkwe huku nikijitia kusoma gazeti. Niliitaka kazi hii kwa udi na uvumba.

Siku ya majaribio nikawaalika wote wawili, mke na mkwe, waje wanione ninavyong'ara. Kamati walikuwa watu watano, kalamu mkononi. Nikawapitisha kwenye dirisha la tiketi, kwenye mabenchi yaliyoliwa na mchwa, chini ya dari yenye popo. Nilichokijua nilikisema, nisichokijua nilikisema kwa sauti kubwa zaidi.

Chumba cha nyuma kilikuwa na bamba pana la chuma, limeinuka kidogo kutoka sakafuni. Nikalipanda, nikatanua mikono.

"Hapa ndipo wakuu wa reli waliposimama kuwahutubia wafanyakazi!"

Wakatabasamu. Nikajua nimewapata, nikaongeza madoido.

"Shuka, baba," mama mkwe akasema taratibu. "Unapimwa."

Nikageuka. Ukutani nyuma yangu, mshale wenye kutu ulikuwa ukitetemeka kwenye kilo tisini na mbili. Kamati nzima ikaangua kicheko.

"Hiyo mizani ya mizigo," mama mkwe akawaambia. "Nimeifanyia kazi miaka kumi na tisa. Inazidisha kilo mbili, ndiyo maana abiria walikuwa wananitukana."

Kuanzia hapo aliongoza yeye. Akawaonyesha kona walikofungiwa kuku wa abiria, na mlango ambao bosi wake alikuwa akichomokea mchana kwenda kulala. Mimi nikafuata nyuma, nimebeba mkoba wake. Mwenyekiti akafunga faili langu, akamuuliza kama angependa kazi ile.

"Jumatatu nije saa ngapi?" akajibu.

Nikaona aibu hadi masikio yakawaka. Miaka mitatu nakaa mezani kwake, sijawahi kumuuliza alikuwa akifanya kazi gani.

"Sasa mbona hamkuniambia?" nikawauliza njiani.

Mke wangu akatazama pembeni. Mama mkwe akanipokea mkoba wake.

"Tungekwambia saa ngapi, baba? Ulikuwa unaongea."