Gauni Lenye Mfuko

Rachel alianzia Mtaa wa Msimbazi, kwenye fremu ya duka ambayo ukipiga chafya nguo zinaanguka. Alishona gauni la kitenge lenye mfuko wa pembeni, mfuko mpana unaomeza simu, funguo na nauli. Wanawake wa Kariakoo waligombea. Lebo yake, Reche, ikavuka mpaka kwenda Nairobi, ikafika Lusaka, ikatua Dubai, na Rachel naye akavimba kichwa. Alifunga fremu akisema gauni zake haziwezi kuning'inia jirani na ndoo za plastiki. Kule Dubai mtaalamu mmoja wa mitindo mwenye miwani ya rangi akamwambia mfuko unanenepesha nyonga. Nyonga, jamani, ambazo huku Bongo ndizo zinatafutwa! Mfuko ukaondolewa.

Basi huko nje wakamchoka. Dubai wakafunga duka, Lusaka wakafuata, Nairobi wakahamia kwa mwingine. Rachel akarudi Msimbazi na marobota yake, kimya, akapanga fremu ileile. Gauni hizi zisipotoka, Reche ndiyo basi tena.

Wateja walikuja. Kila mmoja alipeleka mkono ubavuni, akapapasa, akakosa, akaondoka. Mmoja akamwelekeza, kwa huruma kabisa, kwamba Reche orijino ziko ng'ambo ya barabara kwa Vitalis. Vitalis! Fundi wake wa zamani, ambaye Rachel alimwacha na cherehani bila hata kwaheri.

Rachel alivuka barabara amewaka. Kweli, gauni zimejaa, lebo ni yake, mifuko ipo. Akatishia polisi, akamtaja mwanasheria wa Upanga. Vitalis aliendelea kukanyaga cherehani.

"Dada, ulivyoondoka watu waliendelea kuliulizia gauni," alisema. "Ningewaambia limehamia Dubai?"

Rachel akarudi dukani kununa. Ndipo mama yake akaingia kutoka Magomeni, kapendeza, kavaa Reche. Alipoitikia shikamoo ya mwanawe alichomoa simu mfukoni, akampiga picha kwa fahari. Halafu akashika gauni moja lililoning'inia, akapapasa ubavu, akashusha sauti wateja wasisikie.

"Mwanangu, hizi feki nani kakuuzia? Zitakuharibia jina."

Rachel akajitwika robota la kwanza, akavuka tena barabara, akamwomba Vitalis amshonee mifuko. Vitalis akamwonyesha benchi, akae nyuma ya wateja wengine.