Vichwa vya Ndagala

Nilianza kuona vichwa. Vichwa vidogo vya ndagala, dagaa wa ziwa letu, vimefukiwa kwenye majivu ya jiko. Kwetu Baraka ndagala analiwa mzima, hata mtoto anayeota meno hupewa hivyo. Nikajua kwamba mke wa kaka yangu, tuliyeambiwa anaitwa Rosette wa Bukavu, hakukulia kando ya ziwa lolote.

Sikumuuliza. Kila asubuhi niliwahi kuondoa majivu kabla mama hajaamka na kuwatupia bata vile vichwa. Siku moja akanikuta. Akaniambia jina lake ni Iriza, kwao ni Minembwe, kule juu milimani, na kaka Bonaventure anajua. Watu wa kwao ni wafugaji, hawali samaki, na macho ya ndagala yalikuwa yanamtazama. Tulicheka huku tumeziba midomo.

Kaka alikuwa Lulimba, anachimba dhahabu. Mjomba wetu aliuawa katika vita vya kule juu, na tangu hapo mama hataki Minembwe itajwe mbele yake.

Halafu nikashikwa na malaria, na mama akaondoa majivu mwenyewe.

Aliviweka vichwa kwenye sahani, akaisukuma mbele ya Iriza.

“We ni wa Bukavu?”

“Ndiyo, mama.”

“Bukavu banakulaka sambaza, ndagala yabo, muzima. Kula basi.”

Iriza alitia kimoja mdomoni, na majivu yake. Akatafuna. Kikamrudia, akatapika mlangoni. Mama alimwangalia mpaka akamaliza.

“Kumbe mi nakulaka mu mikono ya benye baliua ndugu yangu.”

“Mama, mi sikuua muntu.”

Mama alitupa nguo zake nje, na sufuria aliyokuja nayo pia. Nilitoka na homa yangu kumsaidia kuokota. Pikipiki ya kumbeba ilipokuwa inawashwa, Iriza aliniambia kwa sauti ndogo kwamba anakwenda Fizi, kwa Marthe, rafiki yetu wa kwaya.

Ndani, mama alikuwa ameshatengeneza maneno. Majirani wataambiwa Rosette amekimbia na mwanaume. Kaka naye ataambiwa hivyo.

“Hii ni siri yetu,” aliniambia. “Ukiitosha inje, utamufuata kwenye alienda.”

Jumapili kaka akapiga simu. Mama alimweleza habari za yule mwanaume, hata rangi ya shati lake akaitaja. Alilia vizuri. Kaka akaomba kuongea na mimi. Mama alinipa simu, akanishika mkono, kucha zikaingia kwenye ngozi. Hakuwa na wasiwasi sana. Nyumbani wananiita Bubu.

“Merveille,” kaka alisema, “ile mama anasema, ni kweli?”

Mama alinitazama bila kupepesa.

“Hapana, kaka. Iriza hana mwanaume. Mama alimufukuza. Iko Fizi, kwa Marthe.”