Boneti ya Mlango wa Friji

Gari langu lilikuwa baya, na nilitaka liwe baya. Nasema haya mapema asije mtu akadhani nilishindwa kulipendezesha. Boneti yake ilikuwa mlango wa friji. Kiti cha dereva nilikifungua kwenye trekta lililokufa. Kioo cha mbele halikuwa nacho. Nilivaa miwani ya kuchomelea niliyoitoa vioo vyeusi nikatia vyeupe. Milango sikuiweka, kwa sababu mlango haujawahi kumsukuma mtu mbele. Paa nililikata. Mazulia, redio, taa za ndani, hata kile kikopo cha majivu ya sigara, vyote vikatoka. Kitu kikiongeza uzito bila kuongeza mwendo, kwangu hakikuwa na kazi. Kilichobaki ni injini yenye turbo niliyoinyofoa kwenye gari lililopinduka likasagika kila mahali isipokuwa pale pa maana, breki zinazokamata kuliko za gari lolote mtaani kwetu, na matairi manne mapya, ambayo ndiyo peke yake yaliyong'aa.

Shida yangu ilikuwa moja. Mimi ni mtoto wa fundi rangi.

Na baba si fundi rangi wa kubahatisha. Watu wanamwita Kioo, maana ukiinama mbele ya mlango alioupaka unaweza kuchania nywele. Hagusi bunduki ya rangi kabla hajafumba macho na kupitisha kiganja juu ya bati lote. Kiganja kikikwama hata kidogo, anarudi kwenye msasa. Nimewahi kumwona akimrudisha mteja nyumbani kwa miguu kwa sababu ya kipele kimoja chini ya bampa, kipele ambacho mteja mwenyewe hakukiona hata alipooneshwa. Sasa mtu wa namna hiyo afungue lango la karakana yake asubuhi, akute kazi yangu imekaa katikati ya magari yake. Aliiita dude. Neno gari alikataa katakata kulitumia. Majirani walikuwa na majina yao pia, na wapo walionipa pole wakidhani nimenusurika ajalini.

Mambo yaliharibika siku mwalimu mkuu mmoja, mama wa heshima zake, alipokuja kuchukua gari lake. Alilizunguka dude langu kimya kimya, halafu akamuuliza baba kama ile nayo ni kazi ya mikono yake. Baba hajui kudanganya. Akajibu kuwa ni ya mwanawe. Yule mama akamshika bega akamwambia pole sana, kwa sauti ile ya kumfariji mfiwa.

Pole ile ilimkaa baba kooni mchana kutwa. Jioni aliniita akanisomea hukumu. Hakupandisha sauti, baba akikasirika kweli huongea taratibu, kama mtu anayechanganya rangi. Alisema hawezi kuendelea kupewa pole kwenye karakana yake mwenyewe. Jumapili kulikuwa na mbio za kupanda kilima. Dude langu likimshinda daktari wa meno, nitapewa kona ya kompresa, mashine yake ya kusukumia rangi, kona yenye sakafu ya saruji na paa lisilovuja, na nitaunda humo chochote roho inachotaka. Likishindwa, Jumatatu linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nami nitashika bunduki ya rangi nizeeke nayo.

Nilikubali kabla hajamaliza. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekaa mlangoni akila karanga, alisema mimi na baba tunafanana mpaka inachosha.

Huyo daktari wa meno ndiye aliyekuwa akishinda mbio zile kila mwaka. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye gari jekundu ambalo baba alilipaka na kulipaka tena mpaka likawa kama limelowa maji wakati wote. Mbio zenyewe zilifanyika kwenye barabara ya machimbo ya kokoto, ambayo Jumapili hufungwa. Magari hupanda moja moja, kila moja mara mbili, saa ikihesabu, na kila dereva huandikiwa mpando wake bora. Hakuna mtu wa kumsukuma wala wa kumsingizia. Ni wewe, kona na saa.

Sasa nieleze kuhusu matundu, kwa sababu ugomvi wote ulitokea humo. Injini ya turbo inachemka kama jiko. Chini ya gari nilikuwa nimeziba kwa bati ili upepo upite bila kukwama, kwa hiyo hewa ya moto kutoka kwenye rejeta haikuwa na pa kutokea isipokuwa juu. Nikachukua grainda nikatoboa boneti. Ule mlango wa friji ulishaanza kuoza sehemu kadhaa, nami nikaanzia hapo hapo palipooza, kupunguza kazi. Matundu yakatoka makubwa, yenye kingo za kutu na meno meno. Baba aliyaona, akaguna, akasema bati limekwisha. Nikamwambia asiliguse hata kwa kitambaa. Kwamba nimeyatoboa mwenyewe, sikumwambia. Mtu anayeliita gari langu dude hakustahili maelezo.

Jumamosi asubuhi nilipima mafuta ya injini, nikafunga boneti, nikaenda na dada kujiandikisha kwenye klabu ya mbio na kukaguliwa helmeti. Tuliporudi alasiri mawingu yalikuwa yametanda. Baba alikuwa ananawa mikono, na dude langu lilikuwa limeshafunikwa turubai. Alinimiminia chai mwenyewe. Tangu nizaliwe baba hajawahi kunimiminia chai. Nikadhani ameanza kuniogopa, na chai ile ilikuwa tamu sana.

Mvua haikunyesha. Jumapili jua lilitoka kali, tukalivuta gari kwa kamba mpaka machimboni. Watu walipoliona walicheka kwa raha, kicheko cha kupokezana, kilichoanzia kwa wauza maji pale langoni kikatufuata hadi kwenye mstari wa kuanzia. Mwalimu wa michezo aliyeshika saa na kipaza sauti aliuliza kama ndilo gari lenyewe au nimeleta vipuri kwanza. Baba alikuwa amekaa kivulini karibu na daktari, amevaa shati jeupe, anaangalia lile gari jekundu alilolipaka.

Daktari alipanda wa kwanza. Alipanda vizuri, sitamnyima haki yake; lile gari lilipita kwenye kona likimeremeta, na watu wakapiga makofi kabla hata saa haijasomwa.

Zamu yangu ikafika. Nilipoachia klachi, kile kicheko kilikatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Ile nguvu ilinibana kwenye kiti cha trekta nikashindwa hata kumeza mate. Kona ya kwanza niliikata ndani kabisa. Ya pili nikaanza kucheka peke yangu ndani ya helmeti. Kabla ya kona ya tatu nikaona mshale wa geji ya joto umelala kwenye nyekundu, mvuke ukanijia usoni, na injini ikaanza kukohoa. Nilifika kileleni kwa mwendo wa mkokoteni wa maji. Kushuka, nilizima injini nikateremka kwa mserereko, na chini kicheko kilikuwa kinanisubiri, kimeshapumzika.

Dada alikuja mbio na dumu la maji. Nilifungua boneti nikakagua mipira ya maji, feni, pampu, mkanda. Kila kitu kilikuwa kizima. Ningeweza kulia, ila watu walikuwa wengi. Nikaibamiza boneti, na dada akapeleka kidole kwenye tundu mojawapo apime joto linalotoka. Kidole kikagota. Akajaribu tundu la pili, kikagota tena.

"Wewe," akaniita, "haya matundu yako yana matundu?"

Nilivua miwani nikasogeza uso. Lilikuwa tundu la kuchorwa. Kulikuwa na weusi wa ndani, kutu ya ukingoni, hata kile kimenyo cha bati nilichokiacha siku grainda iliponiponyoka, na kivuli chake kimeangukia pale pale ambapo kingeangukia. Nilipitisha kiganja. Hakikukwama popote. Nilifungua tena boneti, safari hii nikaitazama yenyewe kwa chini: wavu wa waya ulikuwa umepachikwa vizuri kwa ndani, na juu yake puti, ule ujiuji wa kuzibia bati unaokauka ukawa kama jiwe. Duniani ninamfahamu mtu mmoja tu wa kufanya kazi ile kwa alasiri moja.

Nilimwendea pale kivulini. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, lakini aliponiona tu akaanza yeye. Alisema mawingu yalikuwa yametanda, na matundu yalikuwa juu kabisa ya nyaya za plagi; mvua ingeingia, injini ingezima, nami ningeshindwa.

"Nikushinde kwa mvua?" akasema. "Halafu niishi vipi?"

Alijua ningefoka nikiona yamezibwa, kwa hiyo aliyaziba kisha akanirudishia kwa rangi, mtu asigombane na mtu.

"Baba, yale matundu niliyatoboa mimi."

"Mtu mwenye akili timamu anatoboaje bati?"

"Joto litoke."

Aligeuka akaitazama boneti. Nadhani kichwani mwake alikuwa analiona lile joto linavyohangaika chini ya puti yake, halina pa kwenda.

"Ungesema," akaniambia.

"Ungeuliza."

Dada alitukumbusha kuwa saa haitusubiri tumalize kufanana. Nilitaka kung'oa boneti nikapande bila hiyo, lakini mwenye saa akakataa. Sheria za klabu haziruhusu injini wazi, moto ukitokea dereva ataungua. Basi nikachukua nyundo. Nilipiga puti ya baba kwa nguvu zangu zote, na nina nguvu. Nyundo ikaruka juu. Nikapiga tena, ikaruka tena, karibu initoe jino mbele ya daktari wa meno. Haukupatikana hata ufa. Watu walijaa kututazama, na nikamwona baba, Mungu anisamehe, anajizuia kutabasamu.

"Utapiga hadi Jumatano," akasema. "Hiyo si puti ya dukani. Nimeichanganya mwenyewe."

"Basi nisaidie."

Nikumbushe tu kwamba alikuwa akicheza dhidi yangu. Angeweza kubaki kivulini na shati lake jeupe, akanywa maji, akaniacha na nyundo yangu, na Jumatatu mnunuzi wa vyuma angekuja na mizani. Badala yake alikunja mikono ya shati. Alipitisha kiganja juu ya boneti, macho yamefumbwa, akatafuta mahali puti ilipokutana na bati, akaweka bisibisi pembeni hapo. Kisha akageuza uso upande, kama mtu anayechomwa sindano, akapiga.

Kipande kilitoka kizima, na tundu lake limechorwa juu yake. Akahamia la pili. Kwa kila pigo alitoa sauti ndogo puani. Daktari wa meno alisimama karibu, mikono mgongoni, akasema polepole kwamba anaijua hali hiyo. Ndivyo anavyojisikia akilazimika kung'oa jino lisilo na ubaya wowote.

Baba alipomaliza, boneti ilikuwa mbaya kuliko nilivyoitoboa mwanzo. Alinirudishia bisibisi bila kunitazama. Nikapiga stata, na joto likapanda juu kupitia matundu, likitetemesha hewa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Mpando wa pili sitausimulia sana, maana nikianza sitanyamaza. Kona ya tatu niliipita nikiwa na mshale wa geji katikati, umetulia. Kona ya nne gurudumu la nyuma lilirusha kokoto bondeni nikazisikia zinavyoanguka moja moja. Ya mwisho sikugusa breki kabisa. Hapo sikuwa nafikiria kona ya kompresa wala mtu wa vyuma chakavu. Nilikuwa nafikiria baba alivyogeuza uso, na mguu wangu ulikuwa sakafuni.

Niliporudi chini, mwenye saa alikuwa anairudia saa yake kwa macho. Alisoma mpando wangu kwenye kipaza sauti, kisha ule bora wa daktari kati ya yake miwili, kisha akasema tofauti ni chini ya sekunde moja, na kwamba yeye binafsi anaomba radhi kwa habari ya vipuri. Dada alinimwagia maji yaliyobaki kwenye dumu, helmeti na yote.

Baba hakuwa amesikia. Alikuwa amechuchumaa kivulini na daktari, ameshika kipande cha puti amekielekeza juani, anamwonesha jinsi kisivyo na hata kipovu kimoja cha hewa ndani. Daktari alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho wa sentensi.

"Mzee," akasema, "tumeshindwa."

"Na nani?"

Daktari akanyoosha mkono kuelekea kwangu. Baba akasimama, magoti yakalia. Alinitazama, nimelowa chapachapa, miwani imekaa upande. Akautazama ule mlango wa friji na matundu yake, muda mrefu, kama anayesoma bati kabla ya kulipiga msasa. Nilisubiri aseme neno kubwa. Nilikuwa hata nimeshatayarisha jibu.

"Kesho ukihamisha ile kompresa usiiburute," akasema. "Mguu wake mmoja ni mbovu. Niite tuibebe wote."